Mgeni Siku ya Tatu

Kila mwaka hupata barua kutoka kwa wanafunzi wetu wa zamani waliokwenda nchi za nje kwa masomo au kwa kazi. Siku hizi barua hizo huja kwa simu, lakini maneno ni yale yale. Ya kwanza husema: nimefika salama, baridi ni kali, chuo ni kizuri, wasalimie walimu wote. Ya pili, ambayo huja baada ya miezi mitatu au minne, huwa fupi zaidi: "Mwalimu, watu wa huku hawana habari na mtu." Muhula huu nimepata mbili za namna hiyo. Nami kwa kuwa niliwahi kuandika maneno hayo hayo kwa mkono wangu, nimeona yafaa nijibu humu gazetini, ili wale ambao bado hawajasafiri wasome, na wazazi wao wajue mtoto aliye mbali akisema "sijambo" huenda ana maana gani.

Nitasimulia habari za Ujerumani tu, maana ndiko nilikokaa miaka miwili, katika mji wa Hamburg, ambao tangu mwaka 2010 una udugu na Dar es Salaam. Nchi nyingine zina desturi zake, na aliyekaa huko ataeleza mwenyewe.

Sote twaijua methali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika kijitabu chake juu ya Ujamaa cha mwaka 1962, akieleza kwamba katika maisha yetu ya zamani kila mtu alikuwa mfanya kazi. Kwa hiyo tumezoea kuisikia kama karipio kwa wavivu. Mimi nami niliielewa hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Nilipokuwa ugenini ndipo nilipoitazama kwa upande wa pili, yaani upande wa mgeni mwenyewe. Siku ya kwanza na ya pili mgeni hukaa kitini, huandaliwa chakula, watu humwuliza habari za safari. Hiyo ni heshima, lakini ni heshima ya mbali. Siku anapopewa jembe hutoka pamoja na wenzake, huinama karibu nao, husikia wanavyotaniana, nao huona yeye alimavyo. Jembe lile ndilo linalomwingiza ndani. Asiyepewa jembe hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi.

Taabu ya mtu aliyehamia nchi ya mbali ni kwamba mara nyingi hapana wa kumpa jembe hilo. Hana budi aliombe.

Nilifika Hamburg mwezi wa Oktoba mwaka 2012. Kwetu mtu akihamia mtaa mpya, majirani huja kumwangalia. Huyu ataleta maji, yule atatuma mtoto aulize kama jiko linawaka. Mimi nilipanga chumba katika nyumba ya ghorofa nne yenye milango minane, nikakaa nikingoja hodi. Hapana hodi. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, nikaamini kwamba wananichukia. Baadaye sana nilielezwa kwamba kule aliyehamia ndiye anayetazamiwa kuzunguka na kugonga milango, aseme jina lake na ghorofa aliyopanga. Kumbe majirani walikuwa wakiningoja mimi kama nilivyokuwa nikiwangoja wao, na labda jioni walisemezana kwamba kijana yule hana adabu.

Hayo ni ya mlangoni. Mezani nako nilikwama. Mwanafunzi mmoja wa darasa langu alinialika kwao kunywa kahawa saa kumi kamili, na kamili ya kule ni kamili, si saa kumi na robo. Mama yake akanyanyua sahani ya keki, akaniuliza kama nitaongeza. Nikajibu kwa adabu zote, "Danke," yaani asante. Sahani ikapita. Ikazunguka mara ya pili, nikasema tena "Danke," ikapita tena. Kwa Wajerumani, mtu akikukaribisha kitu nawe ukajibu asante bila neno jingine, umekataa. Anayetaka husema "Bitte," yaani tafadhali. Nami nilikaa pale nikingoja nibembelezwe mara ya tatu, kama ingekuwa kwetu. Nilirudi chumbani na njaa, na mama yule bila shaka alidhani keki yake haikunipendeza.

Lakini lililonichanganya kuliko yote ni neno rafiki lenyewe. Katika Kiswahili neno hili ni pana kama mkeka wa msikitini. Konda wa basi hukuita rafiki, muuza nyanya hukuita rafiki, na mtu uliyekutana naye asubuhi waweza kumtaja jioni kuwa ni rafiki yako wala usiwe umesema uwongo. Kijerumani kina maneno mawili. Freund ni rafiki hasa, na mtu huridhika akiwa nao watatu au wanne katika maisha yake yote. Waliobaki, hata kama amefanya nao kazi miaka mingi, huwaita Bekannte, maana yake watu anaofahamiana nao. Vile vile wana namna mbili za kumwambia mtu "wewe": Sie kwa mtu mzima asiyezoeleka, na du kwa jamaa, marafiki, watoto na Mungu. Kwa desturi aliye mkubwa kwa umri ndiye amkaribishaye mdogo kuacha Sie na kutumia du, mdogo haanzi. Vijana wa vyuoni huitana du tangu siku ya kwanza, basi mgeni asidhani kwa neno hilo kwamba amekwisha pata ndugu. Siku moja nilimsikia yule mwenzangu wa keki akinijulisha kwa mtu kuwa mimi ni Bekannter wake. Moyo uliniuma. Sasa najua kwamba hakunidharau hata kidogo. Tulikuwa tumejuana wiki sita tu, naye alisema kweli.

Sikuwa mtu wa kwanza wa pwani yetu kuona uchungu katika mji ule. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alikwenda huko mwaka 1867 pamoja na mumewe, mfanya biashara aitwaye Heinrich Ruete, baada ya kubatizwa na kuolewa naye Aden na kupewa jina la Emily. Mwaka 1870 mumewe aliumizwa na tramu, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa angali akijifunza. Wengi wamesikia habari za kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1886. Kwa habari yetu ya leo zafaa zaidi barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1924, ambamo anamsimulia rafiki wa Unguja juu ya upweke wake kule kaskazini. Alikuwa binti wa mfalme, watu walitaka sana kumwona, tena walimwona. Lakini kutazamwa ni mambo ya siku ya kwanza ya mgeni. Mwanafunzi atakayekwenda mahali ambapo rangi yake au mavazi yake ni mageni atalijua jambo hili katika basi la kwanza atakalopanda.

Basi nilifanya kama wengi wanavyofanya. Niliwatafuta wenzangu wa Afrika Mashariki. Sisemi nilikosea, maana hao ndio walionionyesha duka lenye unga wa sembe, na tikiti gani ya treni ni rahisi, na jinsi ya kuvaa nguo za ndani mbili mbili. Jumamosi tulikula ugali na kucheka mpaka usiku. Shida ni kwamba kila Jumamosi tulihesabu makosa ya wenyeji, na kila mtu aliondoka na sababu mpya ya kutowasemesha. Siku nyingine nilikaa na simu. Niliongea na nyumbani kila usiku, nikajua bei ya mahindi Tabora na nani ameoa, lakini jina la mama aliyekaa mlango unaotazamana na wangu sikulijua. Wanafunzi wanaosafiri sasa wana simu bora kuliko yangu, kwa hiyo naona hatari hii kwao ni kubwa zaidi.

Mwezi wa Januari nilishikwa na homa. Nililala siku nne bila mtu kujua. Nyumbani niliwaambia kwamba nina mafua kidogo, maana mama yangu angelia. Siku ya tano mlango uligongwa, nikainuka kwa furaha, nikakuta ni mtu aliyekuja kusoma mita za vyombo vya kupashia vyumba joto. Akasoma, akaandika, nikatia sahihi, akaenda zake. Nikakaa kitandani nikafikiri: kama ningalikufa, huyu ndiye angalinikuta.

Nilipopona nikaazimu kuomba jembe, nami nilikuwa na jembe hasa katika akili yangu. Njia yangu ya kwenda stesheni ilipita kando ya bustani za kukodi. Wajerumani wengi wa mijini hukaa katika nyumba za ghorofa zisizo na kiwanja, na tangu karne ya 19, miji ilipojaa watu wa viwandani, walianza kugawana viwanja vidogo vya kulima. Viwanja hivi ni karibu laki tisa katika nchi nzima. Sheria yake ni ya mwaka 1983: kiwanja kisizidi kwa kawaida mita 400 za mraba, yaani kama sehemu ya kumi ya eka, na kibanda kiwe kidogo, kisiwe nyumba ya kukaa. Tena si ruhusa kupanda maua matupu; kiasi cha theluthi moja hutakiwa kiwe mboga, matunda na vyakula vingine. Kila kundi la viwanja lina chama chake. Wajerumani ni watu wa vyama: watu 7 watosha kuanzisha chama kikaandikishwa mahakamani, basi wana vyama vya kuimba, vya kupiga makasia, vya kufuga njiwa, na kadhalika. Kwa mgeni hii ni habari kubwa sana. Mtu ambaye hatakusemesha ndani ya treni mwaka mzima atakusemesha jioni ile ile katika chama, kwa sababu pale mna jambo la kusema.

Katika bustani moja nilizoea kumwona mzee mmoja, fundi wa bandarini aliyestaafu, akisukuma toroli la mbolea kwa taabu. Nikasimama penye ua nikamwuliza kama nimsaidie. Akasema hapana. Juma la pili nikauliza tena, akasema hapana. Mara ya tatu akaweka toroli chini, akaniuliza kwa saa moja nataka kiasi gani. Nikajibu kwa Kijerumani changu kibovu kwamba sitaki fedha, nimekulia shambani na sijagusa udongo tangu Oktoba. Akanitazama kitambo, akaingia kibandani, akatoka na sepetu.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila Jumamosi asubuhi. Hatukuongea sana. Hilo ndilo lililonifaa, maana kwa mtu asiyejua lugha vizuri kukaa kitini na kutazamana ni kazi nzito kuliko kulima. Mikono ikiwa na shughuli, kimya hakimchomi mtu. Darasani nilifundishwa maneno ya katiba na uchumi, kwa mzee nilijifunza ndoo, kamba, konokono, magugu, "shika hapa," "si hivyo." Haya ndiyo maneno ambayo watu huongea nayo.

Mwisho wa Aprili jua liliwaka vizuri, nikapanda maharage katika tuta alilonipa. Mzee akasema ningoje mpaka tarehe 15 Mei, siku ya Mtakatifu Sophie, kwa kuwa kuanzia tarehe 11 baridi huweza kurudi. Nikaona ni mambo ya wazee. Usiku mmoja wa Mei sakitu ilianguka, asubuhi maharage yangu yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hakunicheka mbele yangu. Alinipa mbegu nyingine. Lakini habari ilienea, na jumamosi iliyofuata watu watatu ambao hawakuwahi kunisalimu walisimama penye ua kuniuliza habari za maharage yangu. Nilikuwa mgeni wa heshima miezi saba bila kuulizwa neno. Nilipofanya upumbavu nikawa jirani.

Chama kile kilikuwa na msaragambo wake. Kila mwenye kiwanja hana budi kutoa saa kadhaa kwa mwaka kwa kazi za wote: kupaka ua rangi, kusafisha njia, kuzibua mfereji. Mgongo wa mzee ulikuwa mbaya, nikaenda mimi badala yake. Nilirudi na majina ya watu kumi na wawili, na mwaliko wa kwenda kuimba, ambao niliukataa kwa kuwa naijua sauti yangu.

Halafu ikaja habari ya maboga. Yalitambaa vizuri, na siku moja nikamwona mzee akikata majani na kuyatupa kwenye lundo la mbolea. Nikapiga kelele. Wajerumani hula boga, majani hawali. Nikayakusanya machanga, nikayamenya nyuzi, nikayapika na karanga za kusaga juu ya jiko lake dogo la gesi. Alionja kama mtu anywaye dawa, kisha akaongeza. Mkewe akaja na kalamu aandike. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, mimi nilikuwa ninafundisha nao wanajifunza. Naona hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu mtu anayepokea tu siku zote huchoka, na anayempa huchoka pia.

Kiangazi cha pili kilipokwisha, jioni moja mzee alimimina maji ya matufaha yake katika bilauri mbili, akanitajia jina lake la kwanza, akasema kuanzia leo tuitane du. Nilikuwa nimemwita Bwana Fulani kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Juma lile binti yake alikuja kutoka mji mwingine, naye akaniambia, "Baba amekutaja kwa simu." Nikauliza amenitaja kuwa nani. Akatumia lile neno Freund.

Si kila mlango ulifunguka, na nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya vijana. Wako waliohama kiti nilipokaa, na mwenye nyumba mmoja aliniambia chumba kimekwisha pangwa, kisha tangazo likabaki dirishani mwezi mzima. Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, ni kazi yake kubwa. Alioa mke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi naye kwao, wakubwa wa serikali ya Kijerumani hawakumruhusu kushuka naye Dar es Salaam, ikabidi warudi Ulaya, naye akaishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mtu kama huyo hakukosa rafiki kwa sababu ya kukosa adabu au juhudi. Kijana akikataliwa asijilaumu daima. Aende kwenye ua mwingine.

Tena yuko mgeni wa aina nyingine, ambaye hana haja ya kupanda ndege. Muhula huu tumepokea wanafunzi watatu ambao wazazi wao wametoka Burundi na Kongo. Tumewapokea vizuri, hapana anayewacheka, wamepewa viti vya mbele na vitanda vya karibu na dirisha. Nilipotazama orodha za zamu nikaona kwamba hawamo kokote: si katika zamu ya jikoni, si katika kufagia, si katika bustani. Nilipomwuliza kiranja, alijibu kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, hao ni wageni." Wako hapa tangu wiki ya pili ya Januari.

Nimezungumza naye. Majina yao yatakuwamo katika zamu ya Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, kila mmoja na kundi lake, si wote watatu pamoja. Mmoja wao ameniambia kwamba kwao milimani hupanda maharage ya kutambaa juu ya miti mirefu, nayo huzaa sana mahali padogo. Yetu ni ya chini, na mwaka jana yaliliwa na panya. Nimemwomba atuonyeshe. Fito ziko nyuma ya karakana, na mbegu mjomba wake ameahidi kuzileta siku ya kufungua shule.